Punje Moja kwa Kiangi

Hapo zamani, wakati redio zilipokuwa zimeshapanda milimani lakini simu bado, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kisesera. Kaeni vizuri, wanangu. Aliye nyuma asogee mbele, maana hadithi hii ina swali, na swali hilo silijibu mimi.

Kisesera kilikuwa ng'ambo hii ya Mto Ngasi. Ng'ambo ile kulikuwa na zahanati, soko la tangawizi na barabara ya kwenda wilayani. Daraja halikuwapo. Lile la zamani lilichukuliwa na maji, zikabaki nguzo mbili tu kama meno ya bibi. Wakati wa kiangazi watu walikunja nguo wakavuka. Wakati wa masika walisimama ukingoni, wakayatazama maji, wakarudi nyumbani.

Watu wa Kisesera walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko zote. Mtu akipiga hodi kwako, hatoki mikono mitupu. Kama una ndizi, unampa ndizi. Kama huna ndizi, unampa kipande cha muhogo. Kama muhogo huna, unampa hata ukuni. Aliyekuja kukugombeza naye alirudi kwake na ukuni. Wageni walicheka. Wenyewe waliona fahari.

Basi, mwaka mmoja mwenyekiti wa kijiji akafariki. Ikabidi achaguliwe mwingine. Lakini haukuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Uchaguzi mkuu mnaujua: magari yenye vipaza sauti, kofia za bure, kanga za bure, pilau. Huu ulikuwa uchaguzi mdogo wa kuziba pengo la marehemu. Wilaya haikuleta hata karatasi za kura. Ilileta karani mmoja juu ya baiskeli.

Waliokuwa wakichimba tangawizi wakasema, "Ah, ni huu mdogo tu." Waliokuwa wakitwanga wakasema, "Huu mdogo utajiendea." Hata kuku walipita katikati ya mkutano wa kwanza na hakuna aliyewafukuza.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake uchaguzi huo haukuwa mdogo. Aliitwa Naetwe, mke wa Kajiru. Naetwe alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza masika mawili nyuma, kwa sababu uchungu ulimshika mto ukiwa umefurika, na hakuna aliyeweza kumvusha. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia, "Naetwe, mdogo wangu, huyu wa pili usimzalie nyumbani. Njoo kwangu, hata ukitambaa."

Kila asubuhi Naetwe aliutazama mto. Kisha akatazama mawingu. Kisha akashika tumbo lake.

Sasa, halmashauri ya wilaya ilikuwa na mbao na waya za daraja moja. Zililala uani, tayari, na mafundi walikuwa wakizikalia wakicheza bao. Vijiji viwili viliziomba: Kisesera, na Lugoro kilicho chini zaidi mtoni. Halmashauri ingekaa juma lile lile la baada ya uchaguzi, kabla ya mvua, na kuamua. Na ndani ya ukumbi huo angesema mwenyekiti wa kijiji peke yake. Si msaidizi, si mwananchi, ni mwenyekiti.

Nani angekwenda kusema? Kila mtu alisema, "Nakijwa." Nakijwa alikuwa msaidizi wa marehemu. Alikuwa amefuatana naye wilayani mara nyingi. Alijua mahali pa kusema polepole na mahali pa kugonga meza. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Karani akasema, "Mgombea mmoja si uchaguzi. Nipeni wa pili, la sivyo napanda baiskeli yangu narudi."

Nakijwa akaenda kwa Kiangi. Kiangi alikuwa mchonga mipini ya majembe, mtu mpole sana, aliyezungumza akiangalia vidole vya miguu yake.

"Kiangi kaka yangu," Nakijwa akasema, "simama nami."

"Nisimame wapi?"

"Kwenye uchaguzi. Uwe mpinzani wangu."

Kiangi akaangusha patasi. "Mama wee! Mimi? Nikupinge wewe kwa lipi?"

"Hunipingi. Unasimama tu, sheria itimie. Watanichagua mimi, nitakwenda kuomba daraja, nawe utarudi kwenye mipini yako."

"Na chungu changu je?" Kiangi akauliza.

Ngojeni niwaeleze habari ya chungu. Kwa kuwa karatasi hazikuletwa, Kisesera walipiga kura kwa mahindi. Ndani ya darasa, nyuma ya shuka, viliwekwa vyungu viwili, cha Nakijwa kimefungwa kitambaa chekundu, cha Kiangi cheupe. Kila mtu alipewa punje moja, akaingia peke yake, akaitumbukiza anakotaka. Mwisho vyungu vilimwagwa mbele ya watu wote. Na chungu kisichokuwa na punje kilipinduliwa, karani akakigonga chini yake, ngo, ngo, ngo, wote wasikie kuwa ni kitupu. Mtu wa mwisho kugongewa aliitwa Bwana Ngo mpaka alipohama kijiji.

"Hawatakugongea," Nakijwa akasema. "Nani akugongee wewe?"

Lakini Kiangi hakutulia. Alipochonga mpini alisikia ngo. Alipokula ugali alisikia ngo. Mwishowe akavaa koti lake, akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

Akafika kwa Kajiru, mume wa Naetwe.

"Hodi!"

"Karibu, Kiangi. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuomba punje moja. Moja tu, nisipinduliwe mbele za watu."

Kajiru akamtazama, akamwonea huruma. Akajisemea moyoni, "Nakijwa atapata za kijiji kizima. Yangu moja haimpunguzii kitu." Akasema, "Hutatoka hapa mikono mitupu."

Kiangi akaenda nyumba ya pili.

"Hodi!"

"Karibu, Kiangi."

"Punje moja. Moja tu."

Wenye nyumba wakajisemea, "Nakijwa atapata za kijiji kizima." Wakasema, "Hutatoka hapa mikono mitupu."

Akaenda nyumba ya tatu, na ya nne, na zile za juu kwenye migomba, na zile za chini kwenye makorongo. Kila nyumba, "Hodi!" Kila nyumba, "Moja tu." Kila nyumba, "Hutatoka mikono mitupu." Na kila aliyetoa ahadi alinyamaza nayo, maana aliona aibu kusema kuwa amemwacha Nakijwa, hata kwa punje moja.

Wakati huo huo, mpiga mbiu wa kijiji, aliyeitwa Mrutu, alikuwa akizunguka na baragumu lake. Kazi yake ilikuwa kutangaza siku na mahali. Lakini Mrutu alipenda maneno yake yawe na chumvi.

"Kura ni kesho, shuleni!" akapiga kelele. "Njooni! Lakini msihangaike, Nakijwa kashapita! Kashapita huyo!"

Waliokuwa na tangawizi za kuchimba wakasikia "kashapita", wakanoa majembe. "Kama kashapita," wakasema, "sisi twende kufanya nini?"

Siku ya kura ikafika. Watu wakapanga mstari. Mmoja mmoja akaingia nyuma ya shuka. Naetwe akaingia, mkono kiunoni, akatumbukiza punje yake kwenye chungu chekundu, akasikia imedondoka, akatoka. Kajiru akaingia baada yake. Kiangi mwenyewe akaingia, akampa Nakijwa punje yake kama walivyoelewana.

Wa mwisho kuingia alikuwa Nakijwa. Akasimama nyuma ya shuka na punje mkononi. Akakitazama chungu cheupe cha Kiangi, na mdomo wake mwembamba haukumwonyesha kilichokuwa ndani. Akawaza, "Mimi ndiye niliyemwingiza katika jambo hili. Itakuwaje kikipinduliwa?" Akaitumbukiza humo.

Karani akamwaga vyungu juu ya mkeka. Akahesabu kwa sauti, moja huku, moja huku. Watu walianza wakitabasamu. Kisha tabasamu zikakauka. Rundo moja lilikwenda, na jingine likalifuata, kama watoto wawili wanaoshindana kuruka kamba. Nakijwa moja, Kiangi moja. Nakijwa moja, Kiangi moja. Rundo la Nakijwa likaisha. Kwa Kiangi ikabaki punje moja.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Hesabu tena," Kiangi akasema, na kwa mara ya kwanza hakuangalia vidole vyake. "Baba karani, hesabu tena, umekosea."

Karani akahesabu tena. Punje ile ikabaki pale pale.

"Namwachia Nakijwa!" Kiangi akalia. "Nampa kiti chote!"

"Kiti si mpini wa jembe, ukampa umtakaye," karani akasema. "Ukikiacha, tutachagua tena baada ya masika. Na kwenye kikao cha daraja Kisesera haitakuwa na mtu."

Naetwe alikuwa amekaa juu ya dawati la mbele. Aligeuka dirishani akatazama mawingu, na mama aliyekuwa karibu naye alimwona akihesabu kitu kwa vidole vyake, akifika mahali fulani anaanza upya.

Basi Kiangi akaenda wilayani. Nakijwa akamsindikiza, akimfundisha njia nzima.

"Utasema nini kwanza?"

"Nitasema, mto wetu una kina."

"Kisha?"

"Kisha, kuna mama mjamzito, na alishapoteza mmoja."

"Na wakikuuliza kama unalihitaji daraja kuliko Lugoro?"

"Nitasema ndiyo."

"Sema kwa nguvu!"

"Ndiyo!"

"Usimtazame mwenyekiti wa Lugoro, Kiangi. Tafadhali. Mtazame mwenye kalamu."

Walipofika, Nakijwa alizuiwa mlangoni, akasimama nje dirishani. Kiangi akaingia. Akasema mto una kina. Akasema habari ya mama mjamzito. Sauti ilitetemeka, lakini maneno yote yalitoka, na mwenye kalamu akaandika. Kule dirishani Nakijwa alianza kupumua.

Kisha mwenyekiti wa Lugoro akainuka. Lugoro nako kulikuwa na wagonjwa na watoto wa shule. Mtu yule alisema vizuri, na mwishowe akamgeukia Kiangi, akafungua viganja vyake viwili. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimetoka mbali. Nitarudi kwa watu wangu na nini?"

Kiangi akamtazama.

Mwenye kalamu akauliza, "Kisesera, mnasemaje? Mnalihitaji kuliko hawa?"

Nakijwa aliminya kingo za dirisha. Kiangi alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo. Aliitafuta ile ndiyo. Lakini vile viganja vitupu vilikuwa mbele yake, na tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mtu aondoke hivyo.

"Wapeni wao kwanza," akasema. "Sisi tutasubiri kidogo."

Halmashauri nzima ikampigia makofi. Wakasema hawajawahi kuona mwenyekiti muungwana kama huyu. Wakaandika: daraja, Lugoro. Kiangi akatoka nje akilia.

Kajiru na Naetwe wakaamua wasingoje. Shangazi yake Naetwe aliishi ng'ambo ile. Wakapanga kuvuka siku ya soko, wakae huko mpaka mtoto azaliwe. Lakini mvua nayo haikungoja siku ya soko. Ilianza ghafla, ikanyesha huko juu milimani, na mto ukashuka mwekundu, umebeba magogo.

Kukiwa hivyo, Kisesera walibaki na njia moja tu ya kuvuka, nayo haikutumika ila kwa mtu aliyezidiwa. Katikati ya kivuko kulikuwa na jiwe; maji yakilifunika, kama masika yale ya mtoto wa kwanza wa Naetwe, hata njia hiyo haikuwapo. Mtu mmoja aliingia majini mpaka kifuani, akasimama juu ya jiwe hilo, akazungusha kiunoni mwake kamba iliyofungwa ukingoni na kuikaza, na anayevuka akashika kamba hiyo hatua kwa hatua. Aliyesimama hakuondoka hapo mpaka mwingine avuke. Mwaka mmoja mshika kamba alirudi hawezi kukunja magoti. Mwaka mwingine mshika kamba hakurudi.

Nawaona. Mnataka kusema, "Washike wote!" Lakini jiwe lile lilikuwa na nafasi ya miguu miwili tu. Na desturi ilisema kwamba shida ikiwa ni ya mvua, mshika kamba hupigiwa kura. Shida ikiwa imeletwa na mtu, hushika aliyeileta.

Uchungu ukamwanza Naetwe asubuhi. Wakakusanyika kwenye banda la mashine ya kusaga, maana ndilo lililokuwa karibu na mto. Kamba ilikuwa sakafuni. Mvua iligonga mabati mpaka watu wakalazimika kupaza sauti.

"Kiangi ashike," mtu akasema. "Ndiye aliyegawa daraja letu."

Kiangi akasogea mbele. "Nitashika nikiambiwa. Lakini nani aliniweka kwenye kile kiti? Mimi niliomba punje moja kila nyumba, nisichekwe. Sikuomba uenyekiti. Niliwaambia mnipe moja, mkanipa kijiji. Na huko wilayani nilifanya mliyonifundisha tangu nikiwa mtoto. Kama ni kosa, mbona mlinilea nalo?"

"Basi ni Nakijwa," wakasema. "Ndiye aliyemsimamisha."

Nakijwa akasema, "Nilimsimamisha kwa sababu sheria ilitaka wawili. Bila hivyo karani angeondoka, na hata kikao tusingekipata. Ni kweli, punje yangu niliitia kwenye chungu chake." Watu wakaguna. "Ndiyo, nilimpa! Nilimwonea haya. Lakini punje yangu moja ingeniangushaje, kama ninyi mlionishangilia njiani msingekuwa mmefanya hivyo hivyo? Na Mrutu je, aliyetangaza kuwa nimeshapita? Nusu ya watu wangu walikuwa shambani."

Mrutu akaruka. "Haya sasa, mzigo umfikie mwenye baragumu! Mimi punje yangu nilimpa Nakijwa, hapa hapa naapa. Niseme nini kingine? Nilisema kashapita, naam. Hamkuwa mkisema hivyo hivyo kisimani? Baragumu langu halikumfunga mtu miguu. Aliyebaki shambani alibaki kwa tangawizi yake."

"Hata hivyo ulisema!"

"Nilisema! Na ninyi mna masikio tu, akili hamna?"

Hapo Kajiru akainuka. Alikuwa amekaa kando, amemshika mke wake mgongoni. Uso wake ulikuwa umeloa, na si kwa mvua.

"Mimi nami," akasema. "Nilimpa Kiangi yangu."

Naetwe akageuka polepole. "Wewe, baba?"

"Moja tu, mke wangu. Niliona Nakijwa atapata za wengine. Alikuja mlangoni kwetu, akasimama na koti lake lile... Nilimwonea huruma. Nilifanya kama kila mtu. Lakini kila mtu hakuwa na mke kama wangu, na mto kama huu. Labda mimi ndiye ninayestahili. Ila nikiwa juu ya jiwe, nani atamshika mkono akiteleza? Na maji yakinichukua, mtoto ataitwa wa nani?"

Wakaanza tena, wote kwa pamoja. Ungekuwa umempa Nakijwa yako, angeshinda! Na wewe ungekuwa umempa yako! Usingeomba! Usingetangaza! Usingemsimamisha! Tofauti ilikuwa punje moja, na kila mmoja wao alikuwa nayo mkononi siku ile, akaifanya alivyoifanya.

"Nyamazeni," Naetwe akasema.

Hakusema kwa nguvu. Alikuwa ameinama, ameshika mashine ya kusaga kwa mikono miwili, anangoja uchungu upite. Ulipopita akainua uso.

"Mlikionea huruma chungu," akasema. "Mkaogopa kisigongwe. Kijiji kizima kikaogopa chungu kisigongwe. Na mimi je?"

Akajifunga kanga yake kifuani, akatoka nje mvuani, akaanza kushuka kuelekea mtoni peke yake. Watu wakamfuata. Kiangi aliibeba kamba, Nakijwa akaishika ncha yake, Mrutu akakimbia mbele kuondoa miiba njiani, na Kajiru akampokea mke wake begani. Wakafika ukingoni. Maji yalikuwa yamelifikia jiwe, hayajalifunika, lakini yalikuwa yanapanda.

Hapo wakasimama, wakatazamana.

Wanangu, mimi nawaacha hapo hapo ukingoni, maana mwenye kuamua si mimi. Wa kwanza ni Kiangi, aliyeomba kila nyumba kisha akagawa daraja. Yupo Nakijwa, aliyemtoa Kiangi kwenye mipini yake kisha akamtilia punje. Yupo Mrutu, ambaye punje yake aliiweka mahali pake, lakini maneno yake hakuyaweka. Na yupo Kajiru, aliyejua kuliko wote, akatoa vilevile.

Semeni upesi, maji hayatusubiri: je, nani alistahili kuingia na ile kamba?